Tiketi ya Kwenda Tu

Mama aliamua kurudi Ujiji siku moja ya Juni 2019, akiwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Hakuita kikao. Alisema tu, "Hili gunia likiisha silinunui jingine." Asiyemjua angedhani anazungumzia mchele. Mimi nilielewa kwamba banda lake la chakula pale Temeke limefika mwisho, maana tangu nipate akili sikuwahi kuona gunia la mama yangu likiisha bila jingine kuwa limeshaagizwa.

Aliingia Dar es Salaam mwaka 1983, msichana wa miaka ishirini na mbili, kwa treni ya daraja la tatu kutoka Kigoma. Alikuwa na sanduku la bati na dumu la mawese la lita ishirini. Nauli alitumiwa na kaka yake. Ya kurudi hakutumiwa na hakuiulizia. Mawese aliyauza Kariakoo kidogo kidogo kwa chupa, akala kwa fedha hiyo mwezi mzima mpaka alipopata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya mtu. Hadithi hii nimekua nayo, na kila alipoisimulia alikuwa anaanzia kwenye dumu, kamwe si kwenye treni.

Sasa ilikuwa zamu yangu kumtafutia nauli ya upande wa pili, na nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Safari zote nilizokuwa nimewahi kusafiri zilikuwa za kwenda na kurudi: msiba, Idi, harusi. Safari za namna hiyo hesabu yake nyepesi. Unazidisha nauli mara mbili, unaongeza zawadi, ukiishiwa unakopa ukijua kwamba Jumatatu utakuwa kazini. Safari ya mtu anayehama haina Jumatatu. Kila shilingi inayobaki barabarani inatoka kwenye mfuko ule ule utakaomwanzishia maisha kule anakofika.

Na mfuko wenyewe ulijulikana una nini. Kikoba cha mama na wenzake kilivunjwa mwezi ule, akapata fungu lake. Tukauza jokofu, meza na mabenchi ya banda. Jumla ilikuwa shilingi laki tisa. Upande wa pili wa daftari alikuwapo mjomba, aliyepiga simu kutoka Ujiji kusema kwamba chumba na sebule alivyorithi mama kwenye nyumba ya bibi vinahitaji paa jipya: bati zimeoza, papi zimeliwa na mchwa, na mvua za kule huanza Oktoba. Bati ishirini na nne za geji 30 zingekula kama laki tano, fundi na misumari laki moja. Zikabaki laki tatu za kusafiria watu wawili, kusafirisha vitu vya nyumba nzima na kula mpaka biashara mpya isimame. Nililiandika hilo kwenye karatasi nikalibandika ukutani, nikaanza kuzunguka.

Nilianza na lori, kwa sababu ya vitu. Mama alikuwa na kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, kabati la vyombo, cherehani ya miguu, godoro na masufuria ya biashara, makubwa yale ya kupikia watu arobaini. Karibu na Kariakoo kuna vichochoro ambako mizigo ya mikoani hukusanywa, kila ukuta umeandikwa majina ya miji kwa rangi: Kahama, Tabora, Kasulu, Kigoma. Nikampata dereva mmoja, mtu mzima, akikagua turubai. Nikamwamkia, nikamweleza. Akauliza vitu gani, akatazama juu kama anavipanga kichwani, akasema laki nne na nusu.

Nilipolia kwamba bei ni kubwa, hakukasirika. Akanieleza jambo ambalo nimelitumia mara nyingi tangu siku ile. "Dada, kwenda kule hakuna lori linalotoka hapa na nafasi. Soda, nondo, bati, plastiki, kila kitu kinatoka Dar. Nikikuwekea kabati lako namtoa mtu mwenye mzigo wa duka. Kurudi ndiyo taabu. Tunarudi na maharage na mawese yakipatikana, yasipopatikana tunalala siku tatu tunasubiri. Ungekuwa unahama Kigoma unakuja huku, ningekubebea kwa nusu ya hiyo, hata chini yake."

Basi umbali ni ule ule, barabara ile ile, mafuta yale yale, na bei inakatika katikati kwa sababu ya uelekeo tu. Anayehamia mjini anabebwa na magari yanayotafuta mzigo. Anayerudi nyumbani anashindana na mzigo wa nchi nzima. Niliondoka pale nimekosa lori, lakini nimepata swali la kuuliza kila mahali: chombo hiki, upande huu, kinakwenda kimejaa au kitupu?

Siku iliyofuata nilikwenda Ubungo, ambako kituo kikuu cha mabasi kilikuwa bado hakijahamia Mbezi Luis. Nauli za mabasi ya mikoani hupangwa na serikali kwa kilomita, na wakati ule kiwango cha daraja la kawaida kwenye lami kilikuwa Sh 36.89. Kwa njia ya Dodoma, Manyoni na Tabora, safari ya Kigoma ni kama kilomita 1,250, kwa hiyo ukizidisha unapata elfu arobaini na sita hivi kwa kichwa, na juu kidogo, maana vipande vya njia kati ya Kaliua na Uvinza vilikuwa bado vya vumbi na vumbi lina kiwango chake. Kwa karatasi basi lilikuwa nafuu. Ila mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku miaka ile, kwa hiyo mtu wa Kigoma alilala njiani, ama kwenye kiti ama gesti. Ongeza gesti. Ongeza milo miwili zaidi. Mzigo wa bure ni kilo ishirini, ongeza kila kiroba kinachozidi. Halafu weka magoti ya mama, ambayo kwa miaka yote ile ya kusimama jikoni yalikuwa hayakunji tena zaidi ya saa moja bila kuvimba, uyakunje kwa siku mbili nyuma ya kiti cha mtu. Hilo la mwisho halina kiwango cha serikali.

Pale pale Ubungo nilipoteza elfu kumi. Kijana mwenye kitabu cha risiti mkononi alinifuata akaniambia kuna gari la thelathini na tano, limebakiza viti viwili, nitoe kishika nafasi. Nikatoa. Jioni nilipokuja na mama kukamilisha, dirisha aliloandika kwenye risiti halikuwapo na namba ya simu ilikuwa haipatikani. Mama hakunilaumu. Alisema, "Kilo tano za mchele," akanyamaza njia nzima mpaka Temeke. Tangu hapo sinunui tiketi kwa mtu aliyesimama, hata akiwa amevaa sare. Nanunua kwa mtu aliyekaa nyuma ya dirisha, na fedha naitoa baada ya kuona jina langu limeandikwa kitabuni.

Ndege nilikwenda kuuliza kwa ajili ya magoti tu. Tiketi ya mtu mmoja ilikuwa inameza karibu laki tatu zote nilizokuwa nazo, na begi mwisho kilo ishirini na tatu. Yule dada wa ofisini alinihudumia kwa heshima, akaniambia bei hupungua ukinunua wiki nyingi kabla. Sisi hatukuwa na wiki nyingi. Paa lilikuwa linasubiriwa na mvua.

Ikabaki reli. Naeleza hapa polepole, kwa sababu watu wengi wa rika langu niliowauliza walinicheka usoni: treni ni ya kizamani, itakuchosha, panda basi. Wote walikuwa wanazungumzia safari ya begi moja.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, kiasi cha kilomita 1,250 za njia moja. Kwa sababu ni njia moja, treni hupishana kwenye stesheni tu, na ndiyo maana safari inakula usiku mbili. Lakini reli ina vitu viwili ambavyo basi halina. Ina kitanda, na ina behewa la mizigo linalofungwa kwenye treni ile ile unayopanda. Vitu hivyo viwili ndivyo nilivyokuwa navihitaji.

Dirishani nilimkuta mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia, nikasema nataka kwenda Kigoma, watu wawili. Akauliza, "Mnakwenda kutembea au mnahama?" Nikashangaa amejuaje. Akasema wanaohama huuliza mizigo kabla ya saa ya kuondoka. Akanipangia madaraja kama mwalimu: la tatu, la pili kukaa, la pili kulala chumba cha vitanda sita, la kwanza cha vitanda viwili. Kitanda cha daraja la pili kilikuwa karibu mara mbili ya kiti cha daraja la tatu, na vyumba vya kulala hutenganishwa, wanawake kwao na wanaume kwao. Tiketi mbili za kulala zilikuwa laki moja na elfu kumi na kitu. Nikakaa kidogo pembeni na daftari langu. Kwa daraja la tatu ningeokoa elfu hamsini na tano, ambazo ni bati mbili na nusu. Kwa kitanda, mama angeshuka Kigoma akitembea. Niliandika laki na kumi, nikapiga mstari.

Yule mzee akaniongezea ushauri ambao haukuwa kwenye bei yoyote. Alisema vyombo vya ndani vifungwe kwenye viroba vya ukubwa ambao mtu mmoja anaweza kuinua, vishonwe mdomo, viandikwe jina na stesheni pande mbili kwa kalamu ya wino mzito, halafu viletwe mapema vipimwe kwenye mizani. Mtu anayekuja na mzigo treni imeshaita hulipa makuli bei ya haraka. "Na vitu vya mbao," akasema, "fikiria mara mbili. Vinapokwenda ndiko mbao zinakotoka."

Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu nyumbani. Kabati mama aliliachia jirani bila maneno mengi, kwa elfu themanini. Kitanda alikikatalia. Kilitengenezwa Keko, kwa fedha ya mchezo wake wa kwanza, na mimi na wadogo zangu wote tulilelewa juu yake. Siku mbili hatukuzungumzia jambo hilo. Siku ya tatu nikamleta fundi mwenyewe, mzee sasa, aje akione. Akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, akasema, "Mama, hii mninga ilitoka Tabora kwa lori. Nakumbuka. Mnataka kuirudisha Tabora mlipe tena?" Mama akamtazama muda. Akauliza atatoa ngapi. Fundi akatoa laki moja na nusu, zaidi ya nilivyotarajia, nadhani kwa sababu ya kazi ya mkono wake. Usiku ule tulilala chini juu ya godoro sote wawili, na chumba kilikuwa na mwangwi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba hesabu zangu za 2019 ni za leo. Mambo yamebadilika sana. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kwa nauli ya kawaida ya Sh 31,000, na mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku tangu Oktoba 2023. Mtu mwenye begi moja leo anaweza kupanda umeme mpaka Dodoma na kuendelea na basi kwenda magharibi, na asilale gesti hata siku moja. Nami ningemshauri hivyo. Lakini mwenye viroba saba na kichwa cha cherehani atalazimika kubadilisha chombo Dodoma, avishushe, avipakize bajaji, avipandishe tena, na kila kushusha na kupandisha kuna mkono unaodai. Bado ningemwambia aanze kwa kuuliza chombo gani kinafika moja kwa moja.

Viroba vyetu vilikuwa saba kweli. Kirikuu kilituchukua kutoka Temeke kwa elfu ishirini na tano, mizani ikala elfu sitini na nne, tukapewa stakabadhi ambayo mama aliifunga kwenye pindo la kanga pamoja na fedha. Treni iliondoka usiku. Chumbani tulikuwa sita: sisi wawili, wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa wanarudi Tabora, bibi mmoja wa Urambo asiyesikia vizuri, na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa ambaye alikuwa ameshaweka kanga yake kwenye kitanda cha chini kabla hatujafungua mlango. Alipomwona mama anashika ngazi kwa mikono miwili, aliikunja kanga ile bila kuulizwa, akapanda juu.

Kulipopambazuka tulikuwa Kilosa, mto Mkondoa ukiwa pembeni, umepungua kwa kiangazi. Ni mto huu ambao masika hupanda na kula tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na ukiuona Agosti huwezi kuamini. Kila baada ya muda tulipita ujenzi wa reli mpya, nguzo za zege zimesimama kwenye mashamba ya mkonge bila kitu juu yake. Mama alizitazama nguzo zile kwa makini kuliko milima. Akauliza zitafika Kigoma lini. Sikuwa na jibu.

Mama wa dagaa ndiye aliyenifungua macho zaidi safari ile. Alikuwa anafanya njia hiyo mara nane, tisa kwa mwaka. Nikadhani anapenda treni. Akasema hapana: akienda Dar anapanda basi, akirudi anapanda treni. Akienda, dagaa wake wako kwenye lori, naye lazima awahi kufika sokoni kabla yao, azungumze bei na madalali mzigo ukiwa bado njiani. Siku moja ya kuchelewa inamgharimu kuliko nauli. Akirudi amebeba vyombo vya plastiki na vitenge, vitu visivyooza, na mwili umechoka. "Kwenda, mzigo ndio unanilipia," alisema. "Kurudi najilipia mwenyewe. Kwa hiyo kurudi nalala."

Kisha akamgeukia mama, akamuuliza yeye anarudi lini Dar. Mama akasema, "Sirudi." Yule mwanamke hakusema pole, kama walivyokuwa wanasema majirani Temeke. Akauliza una vyombo vya kupikia? Mama akasema ninavyo, viko nyuma. Akauliza sufuria kubwa kuliko zote inaingia kilo ngapi za mchele? Ishirini. Akatikisa kichwa, akaeleza kwamba mwaloni, ambako mitumbwi ya dagaa hushusha alfajiri, watu wanakula vitumbua baridi kwa kukosa mtu wa wali wa mapema. Kuanzia pale mpaka Dodoma walikuwa wanahesabu pamoja: kuni, maji, maharage ya Kasulu, bei ya sahani. Mimi nilikuwa nimewaza nauli kwa wiki sita. Hawa wawili kwa saa nne walikuwa wameshafika.

Dodoma tulifika mchana, zabibu zinauzwa dirishani kwa vifuko. Saranda ndiyo stesheni ya kula, kila msafiri wa reli hii anaijua: kuku wa kienyeji, wali, viazi, wanawake na wasichana wanakimbia na mabeseni kichwani kando ya mabehewa. Hapo nilikuwa nimepanga tule mkate tuliotoka nao ili tuokoe. Mama akafungua pindo, akanunua kuku mzima. Akasema 1983 alipita hapa akitazama tu. Tulimla yule kuku sita wote, na bibi wa Urambo akatoa karanga zake.

Tabora ilikuwa usiku sana. Wanafunzi walishuka, harufu ya asali na moshi ikaingia. Nilikaa dirishani nikiangalia mbao zimepangwa kando ya taa, nyekundu, za mninga, nikakumbuka kitanda. Sikumwamsha mama.

Alfajiri ya pili ilitukuta Malagarasi, ukungu juu ya maji na matete mpaka macho yalipoishia. Halafu Uvinza, mji wa chumvi, chumvi inayotoka kwenye chemchemi zake tangu karne nyingi kabla ya reli. Treni ilisimama. Mzee mmoja alipita chini ya dirisha na baiskeli yenye viroba viwili vya chumvi, na mama, aliyekuwa amejifunga vizuri na kunawa uso, akatoa kichwa nje akasema, "Mwakeye!" Yule mzee akasimama kabisa, akaegemeza baiskeli tumboni, akamjibu, na wakaendelea kwa Kiha mpaka treni ilipovuta. Nilikuwa nimemsikia mama akizungumza Kiha kwenye simu maisha yangu yote. Sikuwahi kumsikia akikizungumza na mtu anayemwona. Sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo kuliko mimi.

Kigoma unaliona ziwa kabla ya stesheni. Mjomba alikuwa jukwaani na vijana wawili wa mkokoteni. Viroba vilitoka vyote saba, mama akivihesabu kwa kuvigusa, stakabadhi mkononi. Bajaji na mkokoteni mpaka Ujiji, chini ya miembe ile mikubwa, ilikuwa elfu kumi na tano.

Bati tulizinunua Kigoma mjini, ishirini na nne kama ilivyopangwa, na paa likaezekwa kwa siku tatu. Kitanda kipya kilitengenezwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, mninga ile ile, kwa bei chini ya ile aliyotupa fundi wa Keko, chenji ikanunua jiko la mkaa. Nilipofungua daftari usiku wa mwisho, baada ya kila kitu, zilikuwa zimebaki laki moja na elfu thelathini na nne. Mama alizichukua akazigawa mafungu mawili. La kwanza la mchele. La pili akanikabidhi, akasema ni nauli yako.

Nikamwambia nauli ninayo, mimi ninarudi kwenye mshahara. Na nikamweleza kwamba nitapanda daraja la tatu, elfu thelathini haifiki, mgongo wangu bado mzima. Hakubishana. Alitoka akaenda zake, na aliporudi jioni mjomba alikuwa nyuma yake amebeba madumu mawili ya mawese, lita ishirini ishirini, mekundu, mazito. Fedha ya nauli ilikuwa imeishia humo. Alikuwa ameshapata hata lori: lililopakia maharage Kasulu, limebakiza nafasi, linaondoka kesho kwenda Dar, na dereva amekubali kwa fedha ndogo sana kwa sababu, kama mama alivyoniambia kana kwamba mimi sijui, malori kurudi yanakwenda nusu tupu.

Aliketi kwenye kizingiti akafunga midomo ya madumu kwa nailoni, juu ya nailoni akapitisha mpira wa baiskeli uliochanwa, akavuta kwa meno. Akachukua kipande cha mkaa jikoni akaandika jina langu ubavuni, herufi kubwa, pande zote mbili.

"Ukifika usiyauze yote," akasema. "Bakiza chupa moja ya kuungia maharage."